UZI: Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hii wilaya ya shule ni ya kwenu, vikaoni mbona hatuendi?

MzaziWaNyarugusu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Hii mada imenikaa moyoni muda mrefu, leo siko kazini nikasema ngoja niandike yote. Ni ndefu, mnisamehe, ila kama una mtoto shule ya serikali huku Marekani naomba usome mpaka chini.

Mimi ni Mkongo, nimekulia kambini Nyarugusu pale Kasulu, nimesoma shule za kambi kwa Kifaransa na mtaala wa Kongo wakati nje ya kambi watoto wa Kigoma wanasoma kwa Kiswahili. Kwa hiyo toka mdogo nimezoea kwamba shule ni kitu kinachopangwa na watu wa mbali, ofisi fulani huko juu, mzazi kazi yake kupeleka mtoto na kuitwa akikosea. Hayo mawazo nilikuja nayo huku na yalinigharimu, nitawaeleza.

Saivi naishi Winooski, jimbo la Vermont, juu kabisa karibu na mpaka wa Kanada. Ni kamji kadogo kweli, sensa ya 2020 ilihesabu watu 7,997, eneo lote kama kilomita za mraba 4 hivi, ukivuka daraja la mto uko Burlington. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za sufu, wafanyakazi wengi walikuwa wahamiaji kutoka Kanada wanaoongea Kifaransa, viwanda vikafungwa 1954 mji ukadorora. Miaka ya karibuni wamekuja watu wa Bhutan wenye asili ya Nepali, Wabantu wa Somalia, sisi Wakongo, Wairaki, Waafghani. Shule yake ni kampasi moja tu, chekechea mpaka darasa la 12 wote wako pale pale, wanafunzi kama 800, na lugha zinazoongelewa nyumbani zinazidi 20. Kiswahili kimo.

Sasa hilo neno "wilaya ya shule" ndo linatuchanganya. Mtu akisikia wilaya anafikiria mkuu wa wilaya (DC) na mkurugenzi wa halmashauri (DED). Siyo hiyo. Huku wilaya ya shule ni chombo kinachojitegemea, kina mipaka yake, bajeti yake, bodi yake ya kuchaguliwa na wananchi. Marekani nzima ziko zaidi ya 13,000, nyingine ina watoto laki kadhaa nyingine ina shule moja. Mkuu wake wanamwita suparintendenti, na huyu hateuliwi na rais wala gavana, anaajiriwa na bodi. Bodi wakitaka wanamuondoa. Na bodi ni nani? Ni jirani zako. Ni mama anayekaa mtaa wa pili, ni fundi bomba, ni mstaafu, wamegombea wakachaguliwa. Wanakaa kikao cha wazi jioni, mtu yeyote anaingia anakaa nyuma anasikiliza, na kuna muda maalum wa wananchi kuongea.

Mimi hiyo sikuijua. Nilipofika Marekani nilianzia mji mwingine, jimbo lingine, sitalitaja. Barua za shule zilikuwa zinakuja kwa Kiingereza naziweka kwenye droo, nasema mtoto akikua atanisomea. Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwalimu wa Kiingereza cha wageni, mama mmoja mvumilivu sana, mtoto akaanza kufunguka, akawa anarudi nyumbani anaongea. Mwaka uliofuata yule mwalimu hayupo. Nikafikiri kahama. Kumbe nafasi yake ilikatwa kwenye bajeti. Barua ya kutangaza kikao cha bajeti ilikuwa kwenye droo yangu. Kikao kilifanyika jioni, wazi kwa kila mtu, na sisi watu wa Kiswahili pale tulikuwa familia nyingi tu na hakuna hata mmoja aliyeenda. Sasa mtu aliyekaa pale mbele anatafuta pa kupunguza, hajaona hata sura moja ya mzazi anayemhitaji yule mwalimu, unadhani atakata wapi?

Mwanangu alirudi kuwa bubu mwaka mzima. Hilo sijalisahau na ndo sababu ya huu uzi.

Kwa hiyo ninachosema ni hivi, mkalimani, mwalimu wa Kiingereza cha wageni, yule mtu wa Kiswahili anayekupigia simu kutoka shule, wote hao ni mistari kwenye bajeti, na bajeti inapigiwa kura au inapitishwa mbele ya macho ya watu. Huku Vermont inapigiwa kura kabisa na wananchi, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa 3, siku ya mkutano wa mji. Wengi wakisema hapana, bodi inarudi mezani kupunguza na kura inarudiwa. Mwaka 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule Vermont zilikataliwa siku ile, watu walikuwa wamechoshwa na kupanda kwa kodi. Hiyo siyo hadithi.

Na kwa Winooski kuna kitu ambacho wengi hamkijui hata mnaoishi hapa. Wananchi walipiga kura mwaka 2020 kwamba hata asiye raia, bora awe anaishi kihalali, apige kura kwenye chaguzi za mji na za shule. Gavana Phil Scott akakataa kusaini, bunge la jimbo likaipitisha hivyo hivyo bila saini yake mwezi wa 6 mwaka 2021, ikawa sheria. Machi 2022 watu wenye green card (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) wakapiga kura ya shule kwa mara ya kwanza. Fikiria mzazi ambaye hajawahi kupiga kura popote maishani, hajapiga Kongo, hajapiga Tanzania, anashika karatasi anaamua bajeti ya shule ya mwanae.

ILA SIKIENI HAPA VIZURI. Hiyo ni kura ya mji na shule TU, na ni Winooski na miji michache sana. Daftari lake ni tofauti. Kama siyo raia usije ukajiandikisha kura ya rais au ya bunge au ya jimbo, hata mtu akikuwekea fomu mbele, hata ukipata leseni ya gari wakakuuliza. Ni kosa la jinai na linaweza kukuharibia uraia au kukurudisha ulikotoka. Kama huna uhakika uliza ofisi ya karani wa mji kabla hujasaini chochote.

Karibuni tuchangie.

---

Dada_wa_Ujiji

Asante kaka kwa uzi, mimi niko Kigoma huku nyumbani lakini nina ndugu huko. Swali, sasa mishahara ya walimu nani analipa? Maana huku kwetu mwalimu anaajiriwa na serikali kuu, anapangiwa kituo, kamati ya shule haina la kusema kwenye mshahara wake.

---

MzaziWaNyarugusu

Dada swali zuri sana na ndo kiini chenyewe. Huku mwalimu anaajiriwa na wilaya ya shule. Hela zinatoka sehemu tatu, serikali kuu ya Washington inatoa kidogo, jimbo linatoa, na wilaya yenyewe kupitia kodi ya majengo. Majimbo mengi hiyo kodi ya majengo ndo inafanya mji wa matajiri uwe na shule ya kifahari na mji wa maskini darasa linavuja. Vermont walishtakiana kuhusu hilo, mahakama kuu ya jimbo ikasema mwaka 1997 kwamba mtoto asipate elimu duni kisa amezaliwa mji maskini, toka hapo kodi ya elimu inaingia mfuko mmoja wa jimbo zima.

Halafu 2022 wakabadilisha hesabu ya wanafunzi inayotumika kupangia hela za shule, mtoto anayejifunza Kiingereza na mtoto wa familia maskini anahesabiwa kwa uzito zaidi kuliko mtoto mmoja wa kawaida kwa sababu kumfundisha kunahitaji watu zaidi. Mji kama wetu hiyo imeusaidia.

Na kuna watu wanasema "mimi nimepanga, silipi kodi ya majengo, bajeti hainihusu." Inakuhusu. Mwenye nyumba anailipa kutoka kwenye hela yako ya pango.

---

mama_batoto

Kaka ujambo. Miye niko jimbo ingine, batoto bangu bako batatu, wote banasoma. Shida yangu ni kwenye simu. Shule inapiga, miye sisikie Kingereza, napatia mutoto wangu mukubwa simu, ni yeye anatafsiri. Siku moja nilijua nyuma kama walikuwa wanasema juu yake yeye mwenyewe, hakuendaka shule siku kumi, na yeye aliniambia "mama, banasema niko nafanya muzuri." Nililia sana. Sasa hiyo tufanye aje?

---

MzaziWaNyarugusu

Pole sana mama yangu. Hilo limetukuta wengi, na mtoto usimlaumu peke yake, sisi watu wazima ndo tumemuweka pale.

Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea hela za serikali kuu kubagua mtu kwa asili yake ya taifa, na maana yake kwa mzazi ni kwamba mambo muhimu shule lazima ikueleze kwa lugha unayoielewa, BURE. Simu, kikao, ripoti, barua ya kumsimamisha mtoto. Na haitakiwi kumtumia mwanafunzi kama mkalimani. Siyo kwamba unaomba fadhila.

Unachofanya: ukienda shule sema neno moja tu, "Swahili interpreter", simama hapo hapo usiondoke. Hata kwenye simu, sema hilo neno halafu subiri, wengi wana laini ya simu ya wakalimani wanaunganisha ndani ya dakika chache. Halafu uliza fomu ya lugha ya nyumbani uliyojaza siku ya kumuandikisha mtoto iliandikwa lugha gani. Wengi wetu tuliandikiwa Kifaransa kwa sababu tunatoka Kongo, au mtu aliyetusaidia akaweka Kiingereza ili fomu iishe haraka. Kama imekosewa irekebishwe.

---

BabaWaWawili

Ngoja nami niseme langu. Mwanangu wa kiume alipofika alikuwa na miaka 9, hajui herufi kwa sababu kambini alikuwa anaumwa umwa. Baada ya miezi kadhaa niliitwa, meza imejaa watu sita au saba, kila mmoja ana makaratasi, wakaongea wakaongea, mwisho wakanipa peni nikasaini. Mwaka mzima baadaye rafiki akanisomea yale makaratasi, kumbe nimekubali kwamba mtoto ana ulemavu wa kujifunza na ahamie elimu maalum. Mtoto hana ulemavu wowote, ni Kiingereza tu na kuchelewa kuanza shule. Niliumia. Mji sisemi.

---

ParaWaDarasani

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya msaidizi wa darasa, hao wanaoitwa para, mwaka wa sita sasa katika wilaya moja huku. Naomba niweke maelezo hapo kwa Baba kwa sababu hili nimeliona pande zote mbili.

Hayo makaratasi yanaitwa IEP, ni mpango wa mtoto mmoja mmoja. Sheria yake ni ya toka 1975. Mambo ya kushika: hawawezi kumpima mtoto mara ya kwanza bila wewe kusaini, na hata wakishampima hawawezi kuanza kumpa huduma za elimu maalum mara ya kwanza bila wewe kusaini tena. Kwa hiyo saini yako ina nguvu mara mbili. Kikaoni lazima wakuletee mkalimani. Unaruhusiwa kusema "nimesikia, naomba nakala niende nayo nyumbani, sisaini leo". Hakuna atakayekufunga.

Na sheria yenyewe inasema mtoto asihesabiwe mlemavu kama sababu kubwa ni kutojua Kiingereza vizuri au kukosa kufundishwa kusoma. Hilo la pili ndo kesi ya mwanao kabisa. Unaweza kuomba kikao muda wowote siyo lazima usubiri mwaka uishe, andika hata imeili kwa Kiswahili, wao ndo watafute wa kutafsiri.

Sasa upande wa pili, na hapa nisieleweke vibaya. Nimeona wazazi wetu wanakataa kabisa hilo jina la elimu maalum kwa sababu ya aibu, wanasema mtoto wangu siyo zezeta, kumbe mtoto kweli hasikii vizuri sikio moja, au ana tatizo la kuongea ambalo akipata mtaalam mapema linapona. Yule anapoteza miaka. Kwa hiyo usikimbilie kusaini na usikimbilie kukataa, elewa kwanza kilichoandikwa.

Pia kila mwaka wakati wa baridi kuna mtihani wa Kiingereza kwa hawa watoto, majimbo mengi wanatumia wa WIDA, kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, ngazi 1 mpaka 6. Ripoti inakuja nyumbani, ombeni mpewe kwa Kiswahili. Mtoto anayeongea Kiingereza kama maji huko mtaani anaweza kuwa ngazi ya 2 kwenye kuandika, na mzazi anajidanganya anasema wangu ameshajua.

---

BabaWaWawili

Dada umenifungua macho. Hilo la kuandika kwa Kiswahili sikulijua. Naandika kesho.

---

msafiri_88

Mimi nitapinga kidogo. Mnahamasisha watu waende vikaoni, wasimame, waongee mbele ya kamera, kipindi hiki? Watu wanakamatwa. Wengine hapa karatasi zao zina matatizo, mtoto anaenda shule kwa hofu. Mgeni mwenye akili anakaa kimya.

---

MzaziWaNyarugusu

Ndugu yangu hofu yako naielewa na sitaidharau. Kuna watu ambao kweli leo siyo vizuri wasimame mbele ya kamera, wao wenyewe wanajijua, na wengine wawasemee.

Lakini tutofautishe. Haki ya mtoto kusoma haiangalii karatasi. Na hiyo haki ilitoka kwenye wilaya ya shule ya mji wa kawaida tu, Tyler, Texas. Mwaka 1977 waliamua watoto wasio na karatasi walipe dola 1,000 kwa mwaka. Wazazi vibarua, hawakuwa na hiyo hela wala hawakuwa na karatasi, wakaenda mahakamani. Majina yao yalifichwa ili wasidhurike. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na 1982 wakashinda. Leo wewe ukienda kumuandikisha mtoto shule ya serikali hairuhusiwi kumnyima nafasi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, kwa sababu ya wale wazazi ambao walikuwa na hofu kuliko mimi na wewe.

Hapa Winooski, Februari 2025 bodi ya shule ilipitisha sera ya kuwalinda wanafunzi, kwamba wafanyakazi wa shule hawatoi taarifa za mtoto wala kumruhusu afisa wa uhamiaji kuingia bila hati ya jaji. Suparintendenti wetu Wilmer Chavarria mwenyewe ni mzaliwa wa Nicaragua, na Julai mwaka huo huo, akiwa raia kamili wa Marekani, alizuiliwa masaa kadhaa uwanja wa ndege Houston akitoka kwao, wakapekua vifaa vyake. Akarudi kazini akaendelea. Desemba 2025 shule ikapandisha bendera ya Somalia kuonyesha iko pamoja na watoto wa Kisomali baada ya maneno ya Rais Trump juu ya Wasomali, vitisho vikamiminika kwa simu mpaka shule ikaelemewa. Wale watu wa ofisini wanaopokea simu walikuwa wanatukanwa kwa ajili ya watoto wetu. Sasa mimi mzazi nikikaa kimya nyumbani najisikiaje?

---

Mwana_Voi

Mkenya hapa, nawasoma kutoka Voi. Kwetu tuna BOM, yaani bodi ya usimamizi ya kila shule, lakini walimu ni wa TSC, tume ya taifa inayowaajiri, na hela ya kila mwanafunzi inatoka Nairobi, ikichelewa mwalimu mkuu anabaki kukopa unga kwa duka. Huo mfumo wenu wa kupigia bajeti kura naona ni mzuri lakini pia ni hatari, si watu wasio na watoto watakuwa wanakataa kila mwaka?

---

MzaziWaNyarugusu

Ndiyo, hatari ipo na wewe umeiona upesi. Wazee ambao watoto wao walishamaliza, wanaishi kwa pensheni, kodi inapanda, wanasema hapana, na siwalaumu wote, wengine kweli wanaumia. Lakini huyo huyo mzee ukimkuta kikaoni ukamueleza mtoto wako alikuwa hajui kusoma sasa anasoma, anabadilika, nimeona kwa macho. Hapa hapa mwaka 2019 wapiga kura wa huu mji mdogo walikubali mkopo wa zaidi ya dola milioni 57 kukarabati na kupanua shule. Kwa mji wa watu 8,000 hilo ni jambo kubwa sana.

Kinachonipa mawazo saivi ni kingine. 2025 jimbo limepitisha sheria ya kupanga upya wilaya za shule ziwe chache na kubwa, wanasema ni kupunguza gharama. Labda gharama zitapungua. Lakini leo nikitaka kumuona mjumbe wa bodi natembea dakika kumi kwenye theluji nabisha hodi. Wilaya ikiwa kubwa, hii sauti tuliyoipata, hii kura ya mwenye green card, itakaa wapi? Mimi nataka wanaotunga mipaka watujibu hilo kabla hawajachora ramani, na nimeshawaandikia wawakilishi wetu.

---

mama_batoto

Kaka, nimerudi. Leo nilienda ku shule, nikasema lile neno, nikasimama. Walinitazama, kisha bibi mumoja akaleta simu, ndani mule kuko mutu wa Kiswahili! Tuliongea dakika makumi mbili. Waliniambia kikao ya bodi iko Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Miye nitasema nini pale? Naogopa.

---

MzaziWaNyarugusu

Mama umenifurahisha sana leo!

Kesho asubuhi wapigie tena, waambie utakuja Alhamisi na unataka kuongea, walete mkalimani, usiende kushtukiza hawajajiandaa. Wengi wanakupa dakika mbili au tatu tu. Usiseme mambo mengi. Sema jina, mtaa unaokaa, una watoto watatu pale shule. Halafu sema lile la simu, kama ulivyotusimulia hapa, siku kumi na mtoto aliyekutafsiria. Halafu uliza swali moja, mwaka ujao kwenye bajeti mmeweka wakalimani wangapi wa Kiswahili? Ukishauliza nyamaza, wangoje wajibu, na kama hawajibu hapo hapo omba wakujibu kwa maandishi.

Ongea Kiswahili chako cha nyumbani, mkalimani yupo kwa ajili hiyo. Nenda na jirani mmoja au wawili mkae pamoja. Alhamisi saa kumi na moja nitakupigia kabla hujatoka nyumbani, nitumie namba inbox.

---

ParaWaDarasani

Mama sema uko mji gani inbox, kama ni karibu na mimi nitakuja kukaa na wewe.